Umeme Hauna Nyongeza

Chai ndiyo iliyonipa habari. Nilikuwa nimekaa uani kwetu Igogo, kikombe mkononi, nikiwaza dagaa waliotakiwa kushuka asubuhi ile kutoka Nansio, mara nikahisi kifua kimelowa. Nikakigeuza kikombe nione kimetoboka wapi. Kizima. Nikanywa tena, maana mimi jambo siliamini mpaka nimelihesabu mara mbili, na chai ikatokea tena pembe ya kushoto ya mdomo, ikateremka kidevuni, ikaishia kwenye kitenge. Mume wangu akaweka kikombe chake chini.

"Mama watoto, uso wako umefanya nini?"

"Kwani umefanya nini?"

"Umeshuka."

Nikaenda kwenye kioo. Nikacheka, ili nione. Nusu yangu ikacheka. Nusu nyingine ikanitazama tu, kama mteja aliyeshatajiwa bei na anangoja nishuke mwenyewe.

Jana yake nyuma ya sikio palikuwa pananiuma. Nikasema ni upepo wa ziwa, nikafunga khanga kichwani nikaendelea kuuza. Sasa jicho la kushoto halikufumba hata nilipoliamuru. Paji la uso upande ule lilikuwa laini kama la mtoto, makunyanzi yote yamefutika. Jirani mmoja, na ushetani wake, alinipa hongera kwamba angalau upande mmoja nimepata ujana wa bure.

Niliuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Miaka ile kila mtu alikuwa anauza kitu. Kiwanda cha kuchambua pamba alichofanyia kazi mume wangu kilikuwa kimeuzwa, na aliyekinunua akasema watu wamezidi. Mume wangu akarudi nyumbani na barua ya shukrani na ndoo ya plastiki. Tangu hapo nyumba nzima ikawa inakula kwa uso wangu. Sisemi kwa maneno yangu. Maneno kila mtu anayo. Dagaa wa wote ni walewale, ziwa ni lilelile, na bei ya siku inajulikana kabla jua halijapanda. Kinachouza ni uso. Mnunuzi akitaja bei yake, unakunja sura kama umeletewa taarifa ya msiba. Akipanda kidogo, unalegeza. Ukishampimia kopo lake, unamtupia kiganja kimoja juu, ndiyo nyongeza, pamoja na tabasamu, naye anaondoka akijua amekushinda, na kesho anarudi kushinda tena. Nyongeza bila tabasamu ni dagaa umepoteza.

Siku ya kwanza niliyorudi sokoni na uso ule, mnunuzi mmoja wa jumla kutoka Kahama, mtu mzima tuliyezoeana, alisimama mbele ya magunia yangu akanikazia macho.

"Dada, mbona unanikonyeza?"

Jicho la kulia lilikuwa linapepesa kama kawaida. La kushoto lilikuwa wazi, kavu, limesimama. Kwa hiyo kila nilipopepesa, nilikuwa nakonyeza. Nilikuwa nimeshawakonyeza wachukuzi, nimemkonyeza mkusanya ushuru, nimemkonyeza katekista aliyekuja kununua dagaa wa kula mwezi mzima.

"Sikukonyezi, kaka. Naumwa."

"Ugonjwa gani huo unaokonyeza?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka ili mambo yaishe, ikawa mbaya zaidi, maana kicheko cha nusu uso kinafanana na dharau. Akasogea akanunua kwa mwanamke wa meza ya pili. Wiki iliyofuata alipita moja kwa moja.

Nyumbani, mume wangu ambaye tangu tuoane alikuwa akikaa kushoto kwangu wakati wa kula, alihamisha kigoda chake kulia. Akasema tu kwamba kule jua linampiga machoni. Jua lilikuwa limeshazama.

Tiba zilikuja zenyewe, hazikuhitaji kuitwa. Mama mkwe alikuja kutoka upande wa Bujora na kichupa cha mafuta ya simba, akanisugua mpaka shavu likawaka. Kama yalikuwa ya simba, basi simba yule alikuwa mbuzi. Wifi yangu, aliyeanza kunishikia meza, alikuwa na hakika kwamba mwanamke wa meza ya pili amenitegea dawa.

"Wifi, fungua macho. Wateja wako wote wamehamia kwake."

"Jicho moja limefunguka mchana na usiku," nikamwambia. "Na huyo mwenye dawa ya kuua nusu ya uso, mbona asimalizie na nusu nyingine akapumzika?"

Nilisema hivyo kwa kinywa. Moyoni nilikuwa natazama nyayo za mwanamke yule kila alipopita karibu na magunia yangu. Mtu anayezama hachagui ubao wa kushika.

Hospitalini, ambako siku hizo tulishaanza kuchangia mpaka pamba ya kufutia, daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu unaoamrisha uso umevimba pale unapopita ndani ya mfupa, nyuma ya sikio. Akanipa vidonge, akaniambia jicho nilifunge kwa plasta ninapolala lisiharibike, akanielekeza chumba cha mazoezi mwisho wa varanda.

Mtaalamu wa chumba kile alikuwa binti wa Kagera, mrefu, koti jeupe limenyooshwa likawa kama karatasi. Kando ya dirisha mzee aliyepata kiharusi alikuwa akijifunza kutembea kati ya mabomba mawili. Kwenye meza palikuwa na sanduku la kijivu lenye vitufe vya kuzungusha na nyaya mbili, na beseni la maji ya chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kisanduku kinauma?"

"Kinachoma kidogo."

"Basi kitafaa."

Akacheka. Alikuwa ameshazoea, kwetu sindano isiyouma ni maji. Akaniweka mbele ya kioo, akanilazia kitambaa kilicholowa maji ya chumvi nyuma ya shingo, na juu yake bamba la waya wa kwanza. Waya wa pili uliishia kwenye kijiti chenye ncha ya sponji. Yeye alikiita kalamu.

"Huu ni mkondo unaokwenda na kurudi," akasema. "Unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi, upesi kuliko unavyoweza kuhesabu."

"Mimi nahesabu upesi. Nenda Mwaloni ukaulize."

"Huu hutauweza, mama. Naanza upande mzima ili uujue."

Akaigusisha kalamu kwenye shavu la kulia, akazungusha kitufe polepole. Kwanza kama sisimizi chini ya ngozi. Halafu sisimizi wakakaza kamba, na pembe ya mdomo wangu ikapanda yenyewe, ikakaa huko juu. Nilijiona kwenye kioo nikitabasamu bila kujiamuru. Lilikuwa tabasamu zuri, lile la kumalizia biashara, na nilikuwa sijaliona tangu siku ya chai. Akakata mkondo, likaanguka.

"Sasa huku."

Upande wa kushoto sisimizi walikuja vilevile. Nikangoja wakaze kamba. Akazungusha. Sisimizi wakawa siafu. Shavu limekaa tuli.

"Ongeza," nikasema.

"Nimeongeza."

"Ongeza kidogo tu. Ya kunifurahisha."

"Mama, umeme hauna nyongeza."

"Ninyi watu wa Bukoba mkishasoma hamtaki kupatana."

"Na ninyi Wasukuma mkiona kipimo lazima mkitikise."

Hapo alinipata. Mnunuzi mjanja hulitikisa kopo ili dagaa washuke na nafasi ibaki ya kujaziwa. Nimefanya hivyo tangu utotoni, na nimewapiga vidole waliojaribu kunifanyia. Lakini sikucheka, kwa kuwa nilikuwa natazama kioo.

Akaizima mashine, akavuta kiti akakaa karibu. Alinieleza bila kuzunguka. Mkondo ule wa upesi hupita kwenye mshipa wa fahamu. Mshipa ukiwa hai, msuli huitika na kukaza. Wangu haukuitika, kwa hiyo mshipa umekufa kutoka pale ulipobanwa mpaka mbele. Lakini mzizi wake upo, na unaweza kuota tena, taratibu, kama mzizi wa mti unavyotafuta maji. Wakati unaota, kuna mkondo mwingine, wa pigo moja moja refu, ambao unaigusa nyama yenyewe bila kupitia kwenye mshipa. Huo angenipa ili msuli usikonde ukingoja.

"Na mzizi ukikosa njia?"

Akalowesha sponji, akaikamua.

"Masika yakiisha tutapima tena kwa ule wa kwenda na kurudi. Ukiitika, mshipa umefika. Usipoitika..." Akaikamua tena ingawa haikuwa na maji. "Usipoitika, mama, uso huo ndio tutakaokufundisha kuishi nao."

Basi nikawa na tarehe isiyo na tarehe: mwisho wa mvua ambazo hazijaanza.

Nilikwenda kila siku niliyopangiwa. Pigo, kimya, pigo, kimya, shavu likirukaruka kama kifuniko cha chungu. Lilikuwa likiruka kwa amri ya kisanduku, si kwa amri yangu, lakini nililipenda hivyohivyo. Kisha mgao wa umeme ukaja. Redio ilisema maji yamepungua kwenye mabwawa. Sisi tuliokaa kando ya maji yote yale tulisikiliza habari hizo kwenye betri. Hospitali ilikuwa na jenereta, nayo ilikuwa ya chumba cha upasuaji, si ya mashavu. Nilikuwa nikifika nakuta chumba kina giza, mzee wa kiharusi anatembea kati ya mabomba yake kama kawaida, maana miguu yake haikuhitaji kuchomekwa ukutani. Nilimwonea wivu mzee wa watu.

"Jana umeme haukuwepo," nikamwambia binti siku uliporudi. "Juzi pia. Leo nipe wa leo, wa jana na wa juzi."

"Msuli hauweki deni, mama. Ukiuchosha unalala."

"Kidogo tu."

"Hapana."

"Basi wa jana peke yake, wa juzi nimekusamehe."

Alinyanyua kichwa akaniangalia, na nikaona anahesabu kama ninacheka au ninalia, na anaona zote mbili zinatokea pamoja. Akanipa wa leo.

Sokoni wifi yangu alikuwa anaigawa mali. Mkono wake ulikuwa na huruma. Nyongeza yake ilikuwa kubwa kuliko kopo. Mimi nilikaa nyuma ya magunia, khanga imefunika nusu ya uso, nikimnong'oneza bei kama anayewakumbusha waigizaji maneno yao jukwaani. Mteja akisema, "Yule nyuma ni nani?" wifi anajibu, "Mgonjwa." Hata kuonja dagaa sikuweza vizuri, nusu ya ulimi ilikuwa imegoma, mchanga ulipita sijausikia. Magunia tuliyokuwa tunauza kabla ya adhuhuri yalianza kulala. Nyumbani tukala dagaa asubuhi, dagaa jioni, mpaka watoto wakauliza kama tunakula mboga au tunakula duka. Usiku nilipobandika plasta kwenye jicho, nilimpa Mungu bei. Nilimwambia achukue mkono wa kushoto, aniachie shavu. Hakujibu. Mnunuzi mzuri hajibu haraka.

Siku moja ambayo umeme ulikuwepo, binti alinikabidhi kalamu niishike mwenyewe mbele ya kioo, kama alivyokuwa amenifundisha, naye akakimbilia kwa mzee aliyeteleza kati ya mabomba. Kisanduku kilikuwa kando ya mkono wangu wa pili. Nilikijua sasa kuliko nilivyoijua meza yangu. Nikarudisha swichi kwenye mkondo wa upesi. Nikasogeza kalamu kidogo nyuma, karibu na taya, ambako nilidhani mzizi ungefika kwanza kwa kuwa ni karibu na sikio. Nikazungusha. Siafu. Nikazungusha tena, nikatikisa kopo.

Shavu likakaza. Likavimba, likasimama, meno yakagongana kwa nguvu nikauma ulimi, na kwenye kioo nikaliona kwa macho yangu: upande uliokufa umenyanyuka kama ngumi.

"Limeamka!" nilitaka kusema. Taya lilikuwa limefungwa, nikatoa mlio kama mbwa. Binti akarudi mbio, akazima.

"Limeamka, mwanangu! Umeona? Kwa ule wa upesi! Kabla ya mvua!"

Damu ilikuwa inanitoka ulimini, nami nacheka. Mzee aliyeteleza alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja chake kizima, akishangilia. Binti akaweka kidole chake kwenye taya langu la kushoto.

"Uma meno, mama."

Nikauma. Kitu kikavimba chini ya kidole chake.

"Hicho ndicho ulichokiona. Ni msuli wa kutafunia. Una mshipa wake mwingine kabisa, haukuwahi kuumwa. Hata siku ya kwanza ungeitika." Akakishusha kidole. "Shavu bado."

Ningependa angenigombeza. Alichukua pamba akanifuta ulimi, akanifuta kidevu. Jicho langu la kushoto lilikuwa likitiririka machozi siku zote, kwa sababu halikujua kuyakusanya. Kwa hiyo alipolifuta hakuna aliyejua, hata yeye, kwamba safari hii nilikuwa nalia kweli.

Sikurudi kwa majuma. Nilimwambia mume wangu kwamba mgao umezidi. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na umeme ulikuwa ukiwaka mtaa mzima, naye alikuwa ameuona kama mimi. Asubuhi moja alichukua ile ndoo yake ya plastiki aliyopewa kiwandani, akatia magunia mawili matupu na kopo la kupimia, akasema anakwenda Mwaloni kukaa na dada yake.

"Wewe? Utaniuzia nini? Hata kugombana hujui."

"Nitawatazama tu. Uso wangu ni mzima."

Kisha, akiwa mlangoni, akanipa mgongo:

"Nawe nenda ukawatazame wale wa hospitali."

Nilikwenda. Binti hakuuliza nilikuwa wapi. Pigo, kimya, pigo, kimya, masika yote, matope mpaka magotini njiani, dagaa wakioza kwenye vichanja kwa kuwa jua halikuwepo. Asubuhi mbele ya kioo nilijaribu kunyanyua pua, kukunja shavu, kusema "o". Kioo kilinirudishia nusu ya "o".

Siku ya kupimwa ilipofika, nilikuta chumba kina giza. Si mgao tena, walisema. Nguzo imeangushwa na mvua. Nikakaa kwenye benchi la varanda. Saa za kazi zikaisha. Wauguzi wakabadilishana zamu, mzee wa kiharusi akatoka akitembea kwa fimbo, akanipungia kwa mkono ule uliokuwa umepooza. Binti alitoka na mkoba wake begani, akaniona, akasimama.

"Mama, uje kesho."

"Kesho nitakuwa nimeshakata tamaa. Leo bado ninayo kidogo."

Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Taa ya varanda ilipowaka wote wawili tuliruka.

Alinilazia bamba nyuma ya shingo. Akaanza upande wa kulia, kama kawaida. Tabasamu likapanda, likaanguka. Akahamia kushoto. Sisimizi. Akazungusha kidogo. Nilifunga mdomo wangu wa kupatana. Sikusema ongeza, nilijua siku ile hata akiongeza mpaka taa za mtaa zizimike, kilichokufa hakiitiki.

Pembeni mwa pua, chini kidogo, kitu kikajivuta. Kidogo sana. Kama maji yanavyokunjamana kundi la dagaa linapogeuka chini yake.

Akakata mkondo. Akainama karibu na kioo.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Pakajivuta palepale.

"Umeona, mama?"

"Meno sijauma?"

"Hujauma." Alikuwa ameshaweka kidole kwenye taya langu tangu mwanzo, ahakikishe.

Mzizi ulifika, lakini haukufika wote, na haukufika kila nyumba uliyotoka. Mdomo ulianza kunyanyuka kabla ya mvua za vuli, nusu ya safari. Jicho likajifunza kufumba. Kisha nikaanza kuona jambo jingine: nikitafuna, jicho la kushoto linafumba lenyewe, nikipepesa, pembe ya mdomo inavutwa. Nilimpelekea binti hoja hiyo kama mtu anayerudisha dagaa wenye mchanga. Akanieleza kwamba nyuzi za mshipa zikiota upya hupotea njia, uzi uliotakiwa kwenda jichoni ukaingia mdomoni, na wa mdomoni ukaingia jichoni.

"Kuna mkondo wa kuzirudisha?"

"Hakuna, mama."

"Hata wa kwenda na kurudi?"

"Hata huo."

Sikupatana. Nilimshukuru, nikamwachia furushi la dagaa wa Nansio, wakavu, waliochekechwa mara mbili, na juu yake nyongeza.

Mnunuzi wa Kahama hakurudi kwangu. Wengine walirudi, wachache. Nikawazoea upya, nikiwauzia kwa upande wa kulia kama mtu anayepigwa picha. Mume wangu alibaki Mwaloni, akipima makopo. Hakujua kukunja sura wala kulegeza. Wateja walimwonea huruma wakalipa.

Jioni moja uani, nilipokuwa namimina chai, alinyanyua kigoda chake kutoka kulia akakizungusha nyuma yangu, akakiweka kushoto, akakaa. Hakusema habari za jua. Nikatia kipande cha muhogo mdomoni, nikatafuna, jicho likafumba.

"Unanikonyeza?"

"Kunywa chai yako," nikamwambia.